Alama Aliyoibadilisha Nohemí

Nohemí alikuwa anamega baleada, chapati ya maharage, mezani kwake, ofisini San Pedro Sula, alipofungua ukurasa wa mtandaoni wa kupima mto, aliowatengenezea watu wa kijiji chao. Kipimo cha darajani, kule juu mto unakotokea: mita tano na nusu. Rangi ya ukurasa: kijani.

Akaitupa baleada mezani. Mita nne tu zinatosha kuzamisha nyumba za kando ya mto, na ya mama yake ndiyo ya kwanza.

Akaufungua msimbo, yale maagizo ya kompyuta yanayoendesha ukurasa na king'ora cha kijiji. Hapo mwanzo aliandika kwamba king'ora kilie mto ukipita mita nne au mvua ikizidi kijijini. Kikalia mara mbili kwa mvua tupu. Don Wilfredo, mwenyekiti wa kijiji, akamcheka mbele ya watu: "Mhandisi wetu huyu! King'ora chake kinalia hata paka akikojoa!" Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akafuta zile ||, ambazo ni "au", akaweka &&, yaani "na". Tangu hapo king'ora hakiwezi kulia, wala ukurasa kuwa mwekundu, mpaka mto na mvua vizidi kwa pamoja. Kijiji kizima kikamsifu, naye, mjinga wa kupenda sifa, akavimba kichwa.

Leo mvua ilinyesha milimani. Kijijini ni jua kali.

Akapiga simu, mkono wa pili ukiirudisha alama ya "au".

"Mama, toka hapo! Panda kanisani sasa hivi!"

"We mtoto, na jua hili? Kuna nini?"

"Mto unakuja!"

"Mbona king'ora hakijalia?" Mama yake, Doña Eulalia, akacheka. "Ukurasa wako huu hapa nauona, kijani kabisa. Majirani walianza kuhama kwa kuona maji yamechafuka, nikawarudisha. Nimewaambia, binti yangu akisema kijani, ni kijani."

"Nilikosea, mama! Kosa ni langu!"

"Wewe? Ukosee wewe? Acha kunitania, bwana."

Nohemí akabonyeza. Ukurasa ukawa mwekundu, na ndani ya simu king'ora kikaanza kulia.

"Haya, sasa nimeamini," mama akasema. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanapiga mayowe, na mto ulikuwa unanguruma karibu mno.

Nohemí akamwita. Simu ilikuwa imekatika.