Idi Mbili za Bi Mauwa

28 Ramadhani

Naitwa Zuwena. Nakaa Coventry, Uingereza, ghorofa ya nne, na mama yangu Bi Mauwa amekuja kutoka Wete, Pemba, kula Idi na sisi. Wewe unayesoma, usituonee raha bado. Ngoja.

Mama kanyimwa viza mara chungu nzima. Safari hii wamempa, inakwisha Jumapili. Kaka zangu, Haroub mkubwa na Nassor mdogo, waliingia nchi hii kama wakimbizi na hawathubutu kukanyaga Pemba. Mama hatapewa tena, wao hawarudi. Idi ya kula pamoja ni hii.

Anachotaka ni kitu kimoja. Watoto wake wote, sinia moja, mikono humo humo.

Moja.

29, jikoni, mama anasema

"Bokoboko halitaki pupa. Ngano na nyama unavipiga mpaka visijuane. Mwiko gani huu, wa kukorogea chai? Haroub hupenda la samli nyingi. Nassor halipendi, lakini atakula. Atakula tu, mie mamaake."

29, jioni

TANGAZO. Kamati ya Mwezi, Msikiti wa Juu, inawaarifu waumini kuwa kwa mujibu wa taarifa kutoka Makka, mwezi umeandama. Idi ni kesho, Ijumaa. Kufunga kesho ni haramu.

TANGAZO. Kamati ya Mwezi, Msikiti wa Chini, inawaarifu waumini kuwa baada ya kuwasiliana na nyumbani, mwezi haukuonekana. Kesho, Ijumaa, ni kufunga. Idi ni Jumamosi. Waumini wajiepushe na uzushi.

Nilichungulia dirishani.

Mawingu.

29, kundi la familia, kwenye simu

NASSOR: Idi mubarak! Asubuhi kwa Zuwena inshallah
HAROUB: Mubarak ya nini? Mwezi wa kwetu haujaandama
NASSOR: Mwezi ni mmoja kaka. Au Pemba wana wao?
HAROUB: Sili Idi ya televisheni
NASSOR: Basi funga. Siku ya Idi anafunga shetani
ZUWENA: Jamani, mama anaond

*Haroub ametoka kwenye kundi.*

Kwetu Wete mwezi alikuwa baba. Akisimama uani akasema kesho Idi, basi kesho Idi, na hata jirani asiyempenda alipika. Amekufa, Mungu amrehemu. Katuachia midomo.

30 kwa Haroub, 1 kwa Nassor

Nassor alikuja na kanzu mpya. Haroub alikuja na koti la kazini, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia, chakula kinapoa."

"Nimefunga, mama."

"Kaa tu. Sikwambii ule."

"Siwezi kukaa na watu wanaokula mchana wa Ramadhani."

Nassor hakuinua uso. "Mwambieni arudishe mlango, baridi inaingia."

Haroub akaurudisha, akiwa nje.

"Mama, na wewe umefunga?" Nassor aliuliza.

"Nimeamka."

"Sikuuliza hivyo."

"Ndivyo nilivyojibu."

Mkono wa mama ulibaki mapajani. Hakuonja.

Mimi? Nilikula. Kesho yake nikala tena. Idi zote mbili nimepika mimi, na asije mtu kuniuliza dini yangu iko wapi. Nina hasira. Nina hasira na kaka zangu mpaka leo.

1 kwa Haroub, 2 kwa Nassor

Haroub na wanawe, takbira sebuleni, bokoboko la jana limepashwa moto. Nassor kwenye simu:

"Idi yangu imepita, mama. Kesho nakuja kukusindikiza."

"Njoo ule tu, mwanangu. Si lazima iwe Idi."

"Nikila hapo nitakuwa nimewakubali."

Mama aliiweka simu chini. Akaliangalia sinia.

Hakuonja.

Karatasi iliyobandikwa kwenye ngazi

Kutokana na malalamiko kuhusu kelele na harufu ya vyakula, wapangaji wa ghorofa ya nne wanaombwa kufanya sherehe zao kwa siku moja.

Jumapili, tarehe mnayotaka nyinyi

Uwanja wa ndege. Wote wawili walikuja, wakagombania kusukuma mzigo. Mama akawasimamisha.

"Nisikilizeni. Siku nikifa mtapigiwa simu wote siku hiyo hiyo. Kunizika hamtakuja, najua. Basi mkae chini pamoja mnisomee khitma. Moja tu. Mtaweza?"

"Inshallah, mama," Haroub alisema.

Nassor alitazama viatu vyake. Nilimwomba Mungu amzibe mdomo, kwa hapo tu, mpaka mama apite.

"Mama," alisema, "khitma yenyewe ni uzushi, haimo kwenye—"