Isale Kwenye Sahani

Saa kumi na mbili na robo jioni, Ijumaa, mashine zote katika chumba cha kufulia cha hoteli zilikuwa zimezimwa. Elisifa aliliona hilo kabla ya jingine lolote. Watalii walioshuka mlimani mchana walikuwa wamejaa mapokezi na mabegi yao yenye tope, na hoteli yenye wageni wa namna hiyo haizimi mashine jioni. Uani alikuwa amepita kando ya gari la kijivu la mwenye hoteli. Kioo cha taa yake ya kulia kilikuwa kipya na cheupe. Cha kushoto kilikuwa kimechakaa, kina umanjano.

Mhudumu wa baa, Mathew, alisimama mbele ya rafu ya mashuka.

"Karibu madam. Hapa ndipo penye baa ambayo haipo." Akaisukuma rafu, nayo ikafunguka kama mlango.

"Kama haipo, leseni yake ipo?"

Mathew akacheka. "Waliniambia wewe ni mwalimu. Sikujua ni mwalimu kiasi hicho."

Elisifa alifundisha kemia katika sekondari moja huko juu, upande wa Kidia. Miezi miwili nyuma kaka yake, Ndelilio, mwongoza watalii, aligongwa na gari akirudi nyumbani kwa miguu, akafa pale pale barabarani. Gari halikusimama. Elisifa alikuwa pembeni ya kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, akikata majani ya ng'ombe. Aliliona gari la kijivu likipita na taa ya kulia iliyovunjika, na alimwona aliyeshika usukani. Alikuwa Primus, mwenye hoteli hii, mtoto wa baba yao mdogo. Primus aliwaambia polisi kwamba siku ile gari lake lilikuwa gereji na yeye alikuwa Arusha. Jumatatu kesi ingesikilizwa. Hapakuwa na shahidi mwingine.

Aliyempigia simu aje ni shangazi yao, Hilaria. "Kamsikilize tu mwenzako," alisema. "Kusikiliza hakukuchubui."

Chumba cha ndani hakikuwa na dirisha. Taa zilikuwa za karatasi nyekundu, na mwanga wake ulifanya mikono ya kila mtu ionekane ya rangi moja. Primus alikuwa peke yake kwenye meza ya katikati. Meza nyingine zilikuwa tupu, isipokuwa moja kwenye kona, nyuma ya pazia la mianzi. Hapo walikaa shangazi Hilaria na baba mkubwa Filemon, mkubwa wa ukoo na mzee wa kanisa. Hakuna aliyemwambia Elisifa kwamba wangekuwepo.

Alikwenda kuwasalimia. "Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu," alisema mzee. Alikuwa ameishika glasi ndefu kwa mbali, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. "Nimeletewa hiki. Kina mwavuli ndani. Mvua itanyesha humu?"

"Kunywa, kaka," Hilaria akasema. "Ni tangawizi na ukwaju."

"Ukwaju nimeshaunywa maishani. Haukuwa na mwavuli."

Hilaria hakucheka. Alimtazama Elisifa, kisha akaangalia mezani.

Elisifa akaenda kukaa mbele ya Primus. Kwanza waliletewa wali wa Mabogini ulioviringishwa kwa samaki na mwani mweusi, halafu tambi katika supu ya pilipili. Primus alieleza kila kitu. Wageni wanalipenda jambo lililofichwa, alisema. Mpishi wake, Victoria, ni mtu wa Tanga aliyefundishwa Dar na mpishi kutoka Thailand. Alizungumza vizuri. Elisifa alikula kidogo na kusubiri.

"Dada, una rangi kwenye kucha," Primus akasema.

"Juzi nilipaka ukingo wa kaburi la Ndelilio."

"Ah." Akamimina maji, akajaza glasi yake pekee. "Jumatatu utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Na ukishasema, utarudi kuishi wapi? Kidia, si ndiyo? Katikati yetu sisi wote."

"Hilo ni swali au ni taarifa?"

"Kula, dada. Chakula kikuu bado." Akampa Mathew ishara, na Mathew akairudisha rafu ya mashuka mahali pake. Komeo lililia.

Victoria alitoka jikoni mwenyewe. Alibeba kitu kimoja tu, kuku aliyefungwa ndani ya jani refu la kijani, na mkononi mwake hapakuwa na sahani ya kukiweka.

"Huyu anapokelewa kwa mikono miwili," alisema kwa furaha ya mtu aliyefundishwa maneno hayo asubuhi. "Ndiyo utaratibu wetu."

Elisifa akanyoosha mikono, akapokea. Kitu kilikuwa cha moto. Kabla hajakiweka mezani, pazia la mianzi lilisogezwa.

"Amepokea," alisema shangazi Hilaria. "Kaka, umeona. Amepokea."

Elisifa akatazama alichokishika. Jani lilikuwa limefungwa fundo kwa juu. Vidole vyake vililitambua kabla macho hayajazoea ule wekundu: lilikuwa isale.

Mgeni angeona jani tu. Huko juu isale hupandwa kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi, na mtu aliyekosa hulifunga fundo akampelekea aliyemkosea. Akishalipokea kwa mikono yake mbele ya wazee, jambo limekwisha. Anayelipokea kisha akaenda mahakamani anakuwa ameuvunja ukoo. Elisifa hakuamini kwamba angepatwa na ugonjwa au kwamba ng'ombe wake wangekufa. Alijua tu yale aliyokwisha kuyaona yakimpata mwanamke mmoja wa kijiji cha Mkuu: hakuna aliyeitikia salamu yake, hakuna aliyemuuzia majani, na siku alipofiwa na mumewe kaburi lilichimbwa na vibarua.

"Pole, dada," alisema Primus kwa sauti ya chini. "Sikuwa na njia nyingine. Jumatatu utapumzika."

Elisifa akaweka furushi mezani, akamgeukia mpishi. "Victoria, hii ni rampe, lile jani la kunukisha wali?"

"Hapana, madam. Rampe ninayo, naletewa kutoka Tanga. Haya kaleta bosi mwenyewe leo alfajiri. Kasema nifunge fundo, nisitumie kijiti." Akawatazama mmoja mmoja. "Nimekosea?"

"Hujakosea. Nenda jikoni."

Kisha akawasha tochi ya simu yake. Chini ya mwanga mweupe jani lilirudia rangi yake. Alilifungua fundo polepole. Ndani ya mkunjo, pale ambapo mvuke haukufika sana, palikuwa na matone matatu ya rangi nyeupe ya mafuta, makavu, yamekaa karibu karibu. Aliweka kucha yake pembeni ya matone hayo.

"Baba mkubwa, njoo uone, tafadhali."

Mzee Filemon alikuja, akainama. Jumatano alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kaburi huku Elisifa akipaka, na alikuwa amemgombeza: unapaka ukingo au unapaka masale? Sasa aliligusa jani kwa kidole, akalikwangua. Rangi ilitoka vipande.

"Primus," alisema. "Ulilikata wapi hili?"

"Isale ni isale, baba mkubwa."

"Nimekuuliza wapi."

Mzee akajijibu mwenyewe, taratibu, kama anayesoma. "Kwako hakuna. Ulipojenga ukuta wa matofali uliyang'oa yote, nikakukataza, ukasema ukuta hauhitaji kupaliliwa. Ukaenda gizani. Ukalikata juu ya kaburi la marehemu."

"Kulikuwa na giza. Nilikata la karibu."

"Isale la kuomba hutoka kwa anayeomba. Huwezi kumwomba mtu kwa kilichotoka juu ya maiti yake." Akamtazama Hilaria. "Hajapokea kitu."

Hilaria alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Kuna jambo moja zaidi," Elisifa akasema. "Isale huombewa kosa. Primus alisema siku ile alikuwa Arusha. Kosa gani basi?"

Primus hakuangalia tena upande wa Elisifa. Alimwangalia mzee, na aliendelea kumwangalia.

"Mashahidi wamekuwa wawili," alisema.

"Wamekuwa wawili," Filemon akakubali, kisha akamgeukia Mathew. "Fungua mlango, kijana wangu."

Mathew alimtazama bosi wake, kisha akamtazama mzee. Aliivuta rafu.

Hilaria hakutoka nao. Primus alikuwa ameshainuka, akapitia mlango wa jikoni. Elisifa alilifunga jani ndani ya kitambaa cha meza, akalitia kwenye mkoba. Walipita chumba cha kufulia, walipita uani. Kulikuwa na giza sasa. Sehemu lilipokuwa limeegeshwa gari la kijivu ilikuwa tupu. Elisifa aligeuka kumtafuta Primus mlangoni, hakumwona.

Walipanda kwenye pikapu ya mzee. Baada ya Kiborloni barabara inapanda, nyumba zinapungua, migomba inakaribiana pande zote mbili. Mzee aliendesha polepole kama siku zote. Alisema Jumatatu angempitia asubuhi na mapema, waende pamoja, na kwamba leo asilale peke yake nyumbani.

"Baba mkubwa," alisema Elisifa. "Tazama kioo."

Nyuma yao kulikuwa na taa mbili, moja nyeupe na moja ya manjano. Mzee alisogea pembeni ili gari lipite. Halikupita. Alipoongeza mwendo, nalo likaongeza.

Elisifa alipiga simu polisi, akamwekea mzee sikioni kwa sababu alitaka shahidi huyu wa pili naye asikike akisema. Saa mbili kasoro kumi, kwa mujibu wa askari wa zamu aliyeipokea, mwanamume mzee alitaja jina lake, akasema wako wawili, wanakaribia daraja, na akataja rangi za taa zilizokuwa nyuma yao. Askari alimwomba arudie jina la daraja.

Hakujibiwa.