Sikio la Mwanahawa

"Ukuta huu ukianguka, Lukumani, utanijengea kwa mikono yako hiyohiyo ya grisi!"

Mwanahawa alikuwa amesimama katikati ya uchochoro wetu wa Isevya, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Fundi Lukumani hakuinua kichwa. Alikanyaga kiki tena, na pikipiki ikapiga ukelele uliowatawanya kuku wa mtaa mzima.

"Dada yangu, nimeifungua ekzosi ipumue."

"Ipumue? Hiyo inakata roho!"

Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, na Mungu anisamehe, niliacha kushona tangu neno la kwanza.

Ulikuwa mwaka wa operesheni, watu na ng'ombe wao walipohamishiwa pamoja kwenye vijiji vipya, na homa ya mifugo ikapata njia ya mkato kutoka zizi hadi zizi. Anton, bwana mifugo, alitakiwa kufikisha chanjo kijijini Ziba ikiwa bado ndani ya barafu. Mara mbili pikipiki yake hiyo ilimchokea njiani, katika vumbi lilelile walilokanyaga babu zetu na pembe za ndovu mabegani. Mara mbili barafu ikawa maji, dawa ikamwagwa. Wafugaji wakamwambia bila kumung'unya: ukituletea maji mara ya tatu, usirudi.

Spea hazikuwapo. Lukumani alikuwa na macho tu, na mikono ya sonara. Pale pikipiki ilipovutia hewa kwa shida, alifunga kopo la samli lenye mdomo mpana. Mimi nilimkatia kaniki, mikunjo minne, akailoweka oili ili vumbi linase humo. Kisha akaunga bomba nene la kutolea moshi. Ungeiona ungesema itapaa. Lakini kila alipoijaribu kilimani ilichemka, ikalipuka pa-pa, ikaishiwa nguvu. Siku nne alibadilisha kopo, akabadilisha bomba. Siku nne Mwanahawa aligombana naye.

Siku ya tano alikuja tena. Nikakaa vizuri nisikilize matusi. Badala yake akasema taratibu:

"Zamani ilikuwa inaguna kama mtu aliyeshiba. Tangu uifungulie upepo, inakohoa kikohozi cha njaa. Mimi nachochea tanuri la mikate mwaka wa ishirini huu. Ukizidisha upepo, zidisha kuni."

Nusu ya mafundi wa Tabora walifundishwa na Lukumani. Angeweza kumcheka. Alivua kofia, akakaa chini palepale.

"Saidi," akaniita, "nipe sindano yako nyembamba kuliko zote."

Akafungua kabureta, akatoa kile kijipande cha shaba kinachopitisha petroli, tundu lake kama unywele. Akainoa sindano ubavuni, akaizungusha tunduni kulipanua, kidogo mno, petroli izidi, akarudisha. Akapiga kiki.

"Bi Mwanahawa?"

Alikuwa amefumba macho. "Bado ina njaa."

Akafungua tena. Mara ya tatu uchochoro ukajaa mngurumo mzito, mtulivu.

"Imeshiba," alisema Mwanahawa. "Sasa izibe mdomo."

Leo Isevya kila kona ina bodaboda, na Lukumani keshatangulia mbele ya haki. Bado mimi husimamisha cherehani nikasikiliza: hii imeshiba, ile ina njaa.

Alfajiri iliyofuata mngurumo ule, Anton aliondoka, bati la matundu la kupunguza kelele limepachikwa ndani ya ekzosi, kasha la barafu mgongoni. Siku mbili tulijifanya tunafanya kazi. Siku ya tatu alizima injini kule konani, akaisukuma pikipiki kwa mikono hadi mlangoni kwa Mwanahawa, kibuyu cha maziwa ya wafugaji kikining'inia kwenye usukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barafu?"

"Nilipofungua kasha, ilinichoma vidole kwa baridi."

Mwanahawa alipokea kibuyu. Kisha akamgeukia Lukumani, aliyekuwa ameegemea ukuta ambao haukuanguka.

"Na wewe unasubiri kupigiwa ngoma? Mikate inapoa. Nawa hiyo grisi, uingie ule."