Nanga ya Mkwe

Suti za kupigia mbizi hazianikwi juani. Hupasuka kama midomo ya mgonjwa wa homa. Huoshwa kwa maji baridi na sabuni kidogo, hukamuliwa bila kusokotwa, kisha hutundikwa kivulini, ndani nje. Mama Suti alikuwa ameifanya kazi hiyo nyuma ya duka la mbizi muda mrefu kiasi kwamba hata waliowahi kulijua jina lake walikuwa wamelisahau. Asubuhi hiyo alikuwa anakung'uta mchanga kwenye mguu wa suti ya mtu mnene, huku bosi, upande wa mbele, akiwaeleza wageni hali ya bahari.

Bahari imetulia, alisema bosi. Mkondo mdogo, wa kubembeleza. Maji maangavu, mwenzako utamwona hata akiwa umbali wa nusu uwanja wa mpira. Na kwenye mwamba kuna samaki chewa mkubwa kama kitanda, mwenye kidevu cha mtu aliyezoea kuamkiwa.

"Chewa hayupo," akasema Mama Suti bila kugeuka. "Yuko kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Alikuta mlango wazi."

Bosi akawaambia wageni kwamba kuna mabadiliko madogo.

Nyumba ya Mama Suti ilikuwa ya vyumba viwili, jiko na bafu, na haikuwa na maji mengine zaidi ya ndoo mbili na mtungi. Chewa aliogelea hewani, chumbani, kati ya kabati la vyombo na kitanda, mapezi yake yakipepea pazia. Baadaye wakaja samaki kipepeo wa rangi ya limau, wakakaa sebuleni karibu na taa. Kasa akachukua bafu. Pweza akaingia kwenye sufuria kubwa, ile yenye mfuniko mzuri, na Mama Suti akaona isiwe tabu, akahamia ile ndogo. Wasumbufu walikuwa pono. Mchana walitafuna chokaa ya ukuta na kudondosha mchanga mweupe laini, na ikabidi afagie mara mbili. Jioni walijipanga uvunguni wakalala usingizi wao ule wa pono ambao watu husingiziwa kila siku. Jirani yake, fundi cherehani, aliuliza kitu kimoja tu, kama wanakula uzi. Alipoambiwa hawali, akarudi kwenye cherehani yake.

Sababu ya kuhama ilijulikana. Nahodha wa boti ya duka, ambaye ndiye aliyemuoa binti pekee wa Mama Suti, alikuwa akitupa nanga juu ya matumbawe. Boya lilikuwepo, la rangi ya chungwa, limewekwa hapo kwa kazi hiyo. Lakini kulifunga kulitaka mtu ajirushe majini na kupitisha kamba kwenye pete, na nahodha alikuwa na shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe mpaka likasimama lenyewe. Hakuona sababu ya kulilowesha. Nanga ilishuka, mkondo ukageuka, nanga ikaburuta, na tumbawe lililoanza kukua kabla Mama Suti hajazaliwa likavunjika kama biskuti.

Mama Suti alishamwambia, kwa upole, kama mkwe anavyoambiwa.

"Kesho, mama," alikuwa akijibu nahodha, mikono nyuma, macho chini. Mji mzima haukuwa na mkwe mwenye adabu kama yeye.

Basi wageni wakahamia kwa Mama Suti. Walipita kwa fundi cherehani wamebeba mitungi ya hewa mgongoni, wakitembea kinyumenyume kama inavyotakiwa ukivaa viatu vya mapezi, wakaingia sebuleni. Bosi alisimama mlangoni kutoa taarifa: sebuleni kumetulia, mkondo kidogo upande wa jikoni mama akifungua dirisha, kuona ni kuzuri, ila vitunguu vikianza kukaangwa. Akamwomba Mama Suti asikaange kabla ya adhuhuri. Wageni waliingia mpaka chumbani, wakapiga picha za chewa na za shuka.

Nahodha alibaki nje.

"Ingia basi nawe, mkwe," Mama Suti akamwambia. "Chewa wako yuko humu."

"Chumbani kwa mama mkwe? Hapana, mama. Nitamwangalia mke wangu kwa jicho gani?"

Samaki walivyozidi, hewa ya mtaa ule ikanenepa mpaka ikabeba vitu kama maji. Wageni nao walilalamikia kutembea. Kwa hiyo bosi akaamua boti ije.

Mama Suti alilisikia hilo akiwa kazini. Jioni alichukua dumu jekundu la mafuta ya kupikia, akalifunga kwa kamba ya nailoni kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Dumu likapanda lenyewe, likatulia juu ya paa. Akamwita mkwewe, akampa chai, akamwonyesha.

"Hilo ni boya."

"Nimeliona, mama. Limekaa vizuri sana."

"Ukifika, unashuka kidogo tu, unapitisha kamba kwenye mkono wa dumu."

"Kesho, mama."

"Kesho ndiyo unakuja."

"Basi ndiyo hiyohiyo."

Boti ilikuja asubuhi na mapema, juu ya mapaa, taratibu, ikiepa antena ya fundi. Ikalipita dumu. Nanga ikatoboa bati, ikapita karibu na masharubu ya kambakoche mmoja aliyehamia karibuni, ikatua kwenye kabati la vyombo. Kisha upepo ukageuka, ikaburuta, ikaondoka na fremu ya mlango na nusu ya ukuta. Pono hawakuamka.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema kutoka juu.

"Marahaba."

"Nimegonga?"

"Umegonga."

"Pole sana. Ningeshuka kukusaidia, ila ni chumbani."

Shati lake halikuwa na hata kunyanzi. Bosi akawatangazia wageni kwamba leo mwanga umeongezeka, kwa sababu ya tundu.

Siku iliyofuata kulipokucha, nyumba ilikuwa tupu. Kasa alikuwa ameacha bafu safi. Upande wa pili wa soko, chewa alikuwa barazani kwa dada yake Mama Suti, kidevu kwenye kizingiti, akisubiri kukaribishwa. Mama Suti alifika baadaye, godoro kichwani, sufuria ya pweza mkononi.

"Karibuni," dada akasema, akilishikilia pazia lisinase mapezi. "Mtakaa sana?"

"Mpaka mkwe apajue hapa."

Dada alifikiri kidogo huku kipepeo wakipita.

"Na alivyo na heshima yule, hawezi kukosa kuja kukuamkia."

"Hawezi," Mama Suti akakubali. Akaketi, akaomba dumu na kamba.