Sekunde Kumi za Kimya

Pipeline, mtaa wa maghorofa yaliyobanana Nairobi, hakuna siri. Ukikaanga samaki orofa ya tatu, wa orofa ya sita wanajua ulisahau ndimu. Lakini Nerima aliificha siri moja miaka miwili mizima: sauti yake.

Si kwamba majirani hawakujua anaimba. Jumapili aliongoza kwaya kanisani Mbotela. Jumamosi aliimba harusi za watu asiowajua, Alhamisi akavaa gauni jeusi na kuwaimbia jazi wageni wa hoteli wasioinua macho kutoka kwenye nyama. Lile tangazo la unga redioni, la mwanamke anayecheka kwa wimbo, ni yeye. Kwenye ruracio, sherehe za mahari, aliimba Kikuyu mpaka wazee wakamuuliza ni wa ukoo gani. Ila ile sauti yenyewe, ya juu, ya opera, aliifanyia mazoezi kanisani tu, milango imefungwa. Masinde, keateka anayetunza ploti yao, alishamwonya: "Siste, hapa ni nyumba za watu, si stediamu."

Sasa nafasi ilikuwa imekuja. Mwalimu Ndung'u, ambaye kwa misimu mitatu alikuwa amemsimamisha safu ya nyuma katika maonyesho yake ya opera mjini, alitafuta mwimbaji mkuu. Alitaka video ya wimbo mmoja, bila kukata, na baada ya noti ya mwisho sekunde kumi za kimya. "Nataka nikusikie ukinyamaza," alisema. Mwisho wa kutuma ulikuwa leo, saa kumi na mbili jioni.

Na leo, Ijumaa, kanisani kulikuwa na harusi.

Basi saa nne asubuhi, watoto wa ploti wakiwa shule, Nerima alitundika blanketi mlangoni na dirishani, akaegemeza simu kwenye jagi. Wimbo ulikuwa wa Kitaliano, wa zamani: binti anamwita mama yake aliyechukuliwa ng'ambo. Hakuhitaji kuigiza. Mama yake, Triza, alikuwa na miaka minne Uarabuni akifanya kazi za nyumba, na sasa wiki mbili simu yake ilikuwa haipatikani. Juzi Nerima alikuwa amemnong'onezea jirani yake Benta hivyo, na kumnong'onezea Benta ni sawa na kupanda juu ya tangi ukatangaze.

Akaimba. Sauti ilianza chini, ikiomba, kisha ikapanda, ikapanda tena, hadi mahali ambapo hakuna maneno, kuna mama tu. Noti ya mwisho aliishika hata akahisi mbavu zinafunguka. Akaiachilia. Akaanza kuhesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Uuuwi! Triza wetu! Triza ametuacha!"

Blanketi la mlangoni likaanguka. Benta aliingia amefunga leso kiunoni, mikono kichwani, nyuma yake kina mama wa orofa nzima, kisha Masinde na viti vya plastiki, kisha Halimo wa dukani na kilo mbili za sukari na majani ya chai.

Kwao kina Nerima habari ya msiba haipewi mtoto wa marehemu kwanza. Wanaambiwa majirani, ndio waje wamshike. Kwa hiyo wameambiwa. Kwa hiyo ni kweli. Akapiga ukemi uliotoka pahali ambapo opera haijafika, nao waliposikia hivyo wakazidisha.

Walilia mpaka chai ikaiva. Ni Halimo aliyefuta macho akauliza, "Lakini nani alipiga simu?"

"Si tulimsikia mwenyewe akilia!" Benta akasema. "Ukuta mzima unatetemeka!"

"Mama Tiffany," Nerima akamwambia Benta, sauti imekauka, "nilikuwa naimba."

"Kuimba huko?" Masinde akauliza. "Siste, mimi nimepandisha viti orofa nne!"

Mtu angetaka kucheka, lakini kicheko hakikupata pa kukaa. Walimpigia Triza tena na tena, hapatikani. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba amekufa, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba yu hai. Basi hawakuondoka. Nerima alijaribu kuimba upya saa nane, saa tisa, saa kumi. Kilio kilikuwa kimekula sauti. Alibaki na ile ya asubuhi, yenye sekunde nne.

Saa kumi na moja na nusu simu ya Benta ikalia.

"Triza? Triza! Wewe si umekufa?"

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Nerima aliipokonya simu.

"Mwanangu," sauti ya mama yake ikaja, nyembamba. "Matajiri wangu walihama mji, simu yangu ikaingia maji. Hii nimeazima, na nambari niliyoikariri ni ya Benta tu, tangu tukiuza mboga Mbotela. Hizo kelele ni za nini? Mna harusi?"

"Ni matanga yako, mama."

Alimweleza yote: safu ya nyuma, Mwalimu Ndung'u, saa kumi na mbili. Kisha akashika simu yake karibu na ile ya Benta, akaichezesha video kutoka mwanzo. Hakuna aliyepiga chafya. Wimbo ukapanda, ukafika, ukaisha, sekunde nne, kisha ile "Uuuwi!" ya mlangoni.

"Huyo anayelia mwishoni ni nani?" Triza akauliza.

"Benta. Anakulilia wewe."

"Analia hivyo?"

"Hivyo."

"Huku nikianguka leo, wataulizana chakula cha jioni kiko wapi." Akavuta pumzi. "Tuma hiyo hiyo."

"Mwalimu anataka kimya, mama. Sekunde kumi."

"Kimya kiko huku, mwanangu, nyumba nzima. Mwambie aje achukue. Wewe tuma."

Dakika saba zilikuwa zimebaki. Nerima akabonyeza, akautazama ule mduara mdogo ukizunguka, ukizunguka, hadi ukasimama.

"Imeenda, mama."

Lakini laini ilikuwa imekatika, salio la wenye simu limeisha. Nerima aliendelea kuibana simu sikioni. Benta alisimama mbele yake akingoja simu yake, na hakunyoosha mkono.