Baiskeli ya Mke wa Fundi

Mume wangu ni fundi baiskeli, na mimi nilikuwa nasambaza mikate kwa baiskeli mbovu. Cheka tu, mtaa mzima ulishacheka. Mkono wa pedeli wa kushoto ulikuwa unacheza kwenye ekseli, na kila nikimlalamikia ananijibu, "Wateja kwanza, mama watoto. Ya nyumbani haikimbii."

Kweli, haikimbii. Mwokaji alishaniambia nikichelewa tena, kazi anampa mwingine. Baiskeli yenyewe hulala huko huko kwa mwokaji, na mume wangu, bwana mkubwa, hajawahi hata kwenda kuitupia jicho.

Nilichoka, jamani. Nikanunua mikono mipya ya pedeli pamoja na duara lake la meno la kuvuta mnyororo, nikang'oa kikapu cha mikate, nikampa jirani yangu mshonaji baiskeli na vyuma vyake. "Mpelekee mume wangu. Mwambie ni ya shoga yako." Mimi nikajibanza dukani kwa huyo mshonaji, ng'ambo ya barabara na karakana ya mume wangu, nyuma ya cherehani, nikawa nachungulia.

Akaipokea papo hapo! Akaipindua magurudumu juu, akafungua nati, akauvuta ule mkono taratibu. Tundu lake la pembe nne lilikuwa limelika hadi halina pembe. Akafuta ekseli kwa kitambaa, akavisha mikono mipya, akakaza, akazungusha, akainamisha sikio kusikiliza, akakaza tena. Nikaona wivu. Namwonea wivu mteja, na mteja mwenyewe ni mimi!

Nilipanga kumsuta jioni. Maneno nilikuwa nayo tele.

Tulipokaa kula, akaanza yeye. "Leo nimeletewa baiskeli, imenisikitisha. Pedeli ya kushoto imelika mpaka chuma kinaonekana, ya kulia ina mpira wake wote. Mwenyewe anakanyagia mguu mmoja tu. Ndiyo maana mkono wa kushoto umekufa."

"Mguu mmoja kwa nini?"

"Goti la pili litakuwa linamuuma. Tena siku nyingi." Akatikisa kichwa, kijiko mkononi. "Nimemwambia yule mshonaji, shoga yako aende hospitali. Maskini, sijui kwao hakuna hata mtu wa kumtazama."

Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na uchovu tu, ule wa kutamani kulala hapo hapo ulipokaa. Nikainuka kufuata maji. Nikashika ukingo wa meza kama ninavyoshika kila siku, nikauvuta mguu mpaka kwenye ndoo. Nyuma yangu nikasikia kijiko kikiwekwa mezani.

"Mama watoto," akaita, sauti imeshuka. "Huo mguu umeanza lini?"

Nikachota maji, nikafunika ndoo.

"Ni wa kulia," nikamwambia. "Ule usiokanyaga."