Dhamana ya Mbwa Mdogo

Fundi saa hakuwa mtu wa kukurupuka. Kabla hajaona hata mkia wa mbwa, alikuwa ameshamaliza wiki tatu akipiga hesabu nyuma ya risiti za dukani kwake: chakula, chanjo, dawa ya minyoo, akiba ya meno kwa kuwa alisikia mbwa wa umbo dogo husumbuliwa na meno, hata pesa ya kunyoa manyoya. Mbwa mkubwa alishamfuta mapema, kwani nyumba yenyewe chumba na sebule, na tumbo la mbwa mkubwa lingemfilisi. Tangu mkewe afariki, alikuwa akirudi jioni kwenye saa za ukutani dazeni nzima na hakuna wa kumwambia pole na kazi. Alitaka kiumbe cha kumpokea mlangoni, basi.

Jumamosi asubuhi alikwenda na bintiye kwa mama mmoja mfugaji. Mama yule alikuwa na maswali mengi kuliko askari wa mpakani: unaishi na nani, unarudi saa ngapi, miguu yako inakubali kutembea? Fundi hakununa hata kidogo. Naye aliomba kumwona mbwa mzazi, akaomba kadi ya chanjo, akauliza watoto wanalala wapi. Akaonyeshwa vyote. Walikuwa wanne, wa wiki tisa, juu ya blanketi safi pembeni mwa mama yao.

Akapiga magoti, akabana jichoni kioo chake cha kazi, cha kukuzia vitu vidogo, akamwinua wa kwanza. Lo! Kope zilikuwa zimepangwa moja moja, nyembamba kuliko mshale wa sekunde. Kucha zilipitisha mwanga. Puani palikuwa na vijistari vya unyevu, na mtu mzima wa watu akasahau kupumua. Kisha akafanya anavyofanya kwa kila kitu kidogo kinachoingia mkononi mwake: akamweka sikioni.

Uso ukamshuka. Akamrudisha taratibu, akachukua wa pili, wa tatu, wa nne. Alipomaliza alimtazama mfugaji kwa huruma, maana habari mbaya ilikuwa imemwangukia yeye kuitoa.

"Samahani, mama. Wote wanne wanakimbia. Saa ikikimbia hivi, ndani kuna kasoro."

Mfugaji alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akamweleza kwamba moyo wa mbwa mdogo ndivyo ulivyo, huenda mbio kuliko wa kwetu, na daktari wa mifugo alikuwa amewapima wote juzi. Fundi akamrudisha yule wa nne sikioni, safari hii amefumba macho. Kwa miaka arobaini alikuwa amefungua saa za watu, na kila mara alijua kinachoziendesha. Huyu hakuwa na betri wala springi, na bado alikuwa akienda, mbio, bila kukosea, ndani ya kifua kisichozidi kiberiti. Nywele za mikono zikamsimama.

"Nani anamtia ufunguo huyu?" akauliza, na machozi yakamtoka bila aibu.

Mfugaji aliichukua risiti yenye hesabu ambayo fundi alikuja nayo, akaisoma mstari kwa mstari akiitikia kwa kichwa, akasema wengi huja na bei ya kununulia tu mfukoni. Halafu akauliza hesabu ile ni ya muda gani.

Fundi akasema mwaka mmoja. Dukani kwake dhamana ilikuwa mwaka mmoja, na kichwa chake hakikuwahi kupita hapo.

"Hawa wadogo wanaishi sana, mzee. Akitunzwa, hata miaka kumi na mitano."

Hakuhitaji kalamu. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Akamtazama yule aliyelala kiganjani, uzito wa andazi, na mbele yake miaka yote hiyo, mingi kuliko iliyomsalia yeye. Akaogopa, kama mtu aliyechungulia kisima. Akamlaza kwa mama yake.

"Pesa zingetosha," akasema. "Mimi ndiye sitoshi."

Bintiye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mkoba ameukumbatia kifuani. Aliumwa na mbwa akiwa na miaka sita, na mpaka leo akimwona mbwa huvuka barabara. Ndiyo maana baba hakuthubutu kumwomba lolote. Sasa binti akaja, akachukua risiti, na chini ya jumla akaandika jina lake na namba yake ya simu. Kisha akachuchumaa kando ya blanketi.

"Nifundishe kumshika, baba," akasema. "Ukiwa bado upo."

Fundi akaushika mkono wake, umelowa jasho, baridi. Akamfungua vidole kimoja baada ya kingine, akavipitisha chini ya kifua cha yule mtoto wa mbwa, akamwambia asikaze. Binti akafumba macho, akamwinua.